Sauti ya Somo Barazani

Hapo zamani, wala msitazame mbali, si zamani ya fisi na sungura kuzungumza. Ni zamani ya juzi, simu zimeshaingia kila nyumba na haya bado hazijatoka. Palikuwa na mji wa pwani, na katika mji huo mtaa wa Kisimani, na katika mtaa huo mwanamke aitwaye Mize.

Mize alisifika kwa jambo moja. Kilichopotea, yeye alikipata mtandaoni. Wanafunzi walimjia wakitaka vitabu vya kusomea kwenye simu, akawatafutia. Imamu macho yake yalipopungua nuru, Mize akamtafutia vitabu vya kusikiliza. Wazee ambao kaseti zao zilishaharibika walimtajia albamu za ujana wao, akazisaka mpaka akazipata, nao wakasikiliza wakijifuta machozi. Watu wakasema Mize ana mkono. Naye akasikia, akavimba kichwa kidogo. Ngojeni.

Mize hakujaliwa mtoto. Alimlea Riziki, binti wa kaka yake, tangu mama yake Riziki alipofariki mtoto angali wa kubebwa. Sasa Riziki alikuwa amechumbiwa, na katika mtaa ule msichana haolewi mpaka akae kwenye mkeka wa somo, yaani kungwi wake, afundwe kwa nyimbo. Nyimbo zile ni za wanawake waliokwisha kufundwa. Haziimbwi mbele ya mwanamume, haziandikwi, hazitoki mkekani. Na siku mwari anapofundwa, shangazi yake ndiye anayemshika mkono na kumkalisha. Mize aliingoja siku hiyo tangu alipokuwa akimsuka Riziki nywele zake za kwanza.

Somo wa mtaa alikuwa Bi Mwanamvua, mwanamke mkali, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mwaka huo akapigwa na kiharusi. Mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito, na nyimbo zikamtoka kichwani akabaki na vipande vipande. Mwanafunzi wake mkubwa, Somoe, alizijua nusu. Akifika nusu ya pili alikuwa akijikohoza.

Mize akaingiwa na hofu. Mwanawe ataingia nyumba ya watu bila kufundwa? Akafanya analolijua: akaenda mtandaoni kutafuta mafunzo ya mwari. Akakuta vitabu vya kusoma, vya maneno mengi na faida chache. Akakuta vitabu vya kusikiliza, vimesomwa kwa sauti za watu wanaotangaza misiba. Hakukata tamaa. Mwisho akakuta albamu isiyo na jina la mwimbaji, picha yake mtungi tu. Akaifungua. Ilikuwa sauti ya Bi Mwanamvua, ile ya kabla ya maradhi, ikiimba nyimbo za mkekani mmoja baada ya mwingine.

Mize alijua wajibu wake. Ilimpasa aende kwa somo amwambie siri yao iko nje. Hakwenda. Alijiambia atakwenda harusi ikipita. Akaipakua albamu yote kwenye simu yake, akawa anazisikiliza nyimbo jikoni peke yake, ajifunze, amfunde Riziki kwa siri ikibidi. Kila aliposikia mtu anakuja alizima, na kila alipozima aliona aibu, kisha akawasha tena.

Basi ikafika siku wakwe walipokuja kupanga tarehe ya ndoa. Wanaume wameketi barazani, baba mkwe, Mzee Abeid, yuko katikati na kikombe cha kahawa mkononi. Wanawake wako ndani, Bi Mwanamvua amekalishwa mahali pa heshima. Spika imewekwa dirishani inatoa kasida. Na simu iliyoungwa na spika ile ilikuwa ya nani? Ya Mize. Kasida ikaisha. Simu haijui mkwe wala haijui haya, ikajiendea yenyewe kwenye albamu iliyofuata.

Sauti ya Bi Mwanamvua ikasikika barazani. Iliimba wimbo unaomweleza mwari mambo ya chumbani, kila kitu kwa jina lake. Mzee Abeid kahawa ikampalia. Wanaume wazima wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Na kule ndani Bi Mwanamvua akaisikia sauti yake mwenyewe inawaimbia wanaume. Akavuta kanga, akajifunika uso mzima.

Mize alikurupuka akaizima. Dirishani palikuwa na simu mbili, yake na ya Somoe, zote zimewahi kuungwa na spika ile. Macho yote yakamgeukia. Na hapo, jamani, Mize akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka uso unamwaka moto.

"Simu ya Somoe hiyo," alisema.

Alingoja Somoe akatae. Somoe hakukataa. Aliinamisha kichwa, akachukua viatu vyake, akatoka kwa mlango wa uani. Mize akapumua, na pumzi ile ikamuumiza kuliko tusi, maana hakuelewa mtu asiye na kosa anawezaje kukubali aibu kimyakimya namna ile.

Wakwe hawakuvunja posa. Mzee Abeid alisema mambo ya kina mama wayamalize kina mama, akaaga mapema. Lakini kina mama walikuwa na sheria yao. Wimbo wa mkekani ukitoka nje, mkeka umetoboka, na mkeka uliotoboka mwari haukalii. Aliyeutoboa huinuka mbele ya wote, akatoka, na hataukalia tena maisha yake. Huinuka mmoja. Akishatoka, mkeka hushonwa, na mwari huitwa.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri wakakutana kwa Bi Mwanamvua. Mkeka umetandikwa. Riziki yuko chumba cha ndani, amefunikwa kanga, anangoja kuitwa. Somoe alikuwa ameshapiga goti moja kutaka kuinuka. Akasema:

"Somo, nisamehe. Nilificha simu chini ya kanga nikakurekodi, miaka ile ulipokuwa mzima. Ulikuwa hufundishi wimbo mara mbili. Nikisahau uliniambia masikio yangu ya mapambo. Nikaogopa utakufa na nyimbo zako, na mimi nitaulizwa. Nilirekodi, sikumpa mtu. Ila sauti ilitoka kwenye simu yangu, basi naondoka."

Mize akamtazama Somoe. Kumbe uwongo wake ulikuwa umeangukia kosa la kweli. Kumbe Somoe alidhani ni simu yake kweli. Shetani akamnong'oneza Mize: nyamaza, yamekwisha. Naye akanyamaza. Nasema kweli, alinyamaza.

Aliyezungumza ni Hadia, mmoja wa wanawake wale, mwenye kibanda cha simu pale sokoni, yule anayewatilia watu nyimbo na vitabu kwenye simu zao.

"Kaa, Somoe," alisema. "Ulipoleta simu yako nikuhamishie vitu kwenye mpya, nilizisikia zile nyimbo. Nililia kibandani, wateja wananitazama. Wako wanawake wetu walioolewa nchi za mbali, mabinti zao hawana somo wala mkeka, kila siku wananiuliza nyimbo za kwetu watazipata wapi. Nikazipakia mtandaoni, sikuweka jina. Sikukuomba wewe, sikumwomba somo. Nilizitoa, lakini sikuzipiga mbele ya wanaume."

Wanawake wakaguna. Bi mmoja mtu mzima akasema polepole kwamba hata somo mwenyewe ana lake, maana anayekataa kufundisha mara mbili anawafundisha watu kuiba. 

Na Mize? Kutoka chumba cha ndani ikasikika bangili ya Riziki. Mize alimnunulia bangili ile mwenyewe. Akifunua mdomo, huenda asimkalishe mwanawe mkekani. Akifumba, atamkalisha, na kila akimtazama atamwona Somoe anachukua viatu vyake. Akafunua mdomo, na sauti ilitoka ndogo mno hata ikabidi aseme mara ya pili.

"Simu ile ilikuwa yangu. Niliiona albamu mtandaoni nikaijua, sikusema. Niliipakua kwa ajili ya Riziki. Barazani nilisahau kuitoa. Na nilipoulizwa kwa macho, nikamsingizia Somoe. Kupiga wimbo nilipiga bila kukusudia. Kusema uwongo nilikusudia."

 Hadia akamtazama, kisha akatazama pembeni, na kule kutazama pembeni ndiko kulikomchoma Mize.

Bi Mwanamvua akanyoosha mkono wake usiopooza, akaomba simu. "Washa," alisema. Mize akawasha, kwa sauti ya chini, wanawake peke yao. Somo akasikiliza. Midomo yake iliyopinda ikaanza kucheza. Wimbo uliokuwa umempotea ukamrudia, neno, kisha mstari, kisha ubeti mzima, akawa anaimba pamoja na ujana wake, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Ulipokwisha, akafuta uso kwa pindo la kanga.

"Nyimbo... nimezipata," alisema kwa ulimi mzito. "Mwari... atafundwa. Lakini mkeka... umetoboka. Mmoja ainuke."

Somoe akashika goti lake. Hadia akashika mtandio wake. Mize akaweka viganja viwili kwenye mkeka. Kila mmoja alikuwa anawangoja wenzake, na kila mmoja anaona haya kwa kungoja.

Ndani, Riziki alikuwa amechoka kungoja. Akaita, "Shangazi, mbona huji kunichukua?"

Haya, nyinyi mliokaa mnanisikiliza, na wenye simu mifukoni msijifanye hamumo. Kuna aliyeiba sauti kwa kuogopa isipotee. Kuna aliyeitoa kwa kuwahurumia walio mbali. Kuna aliyeipata akanyamaza, kisha akamtwika mwenzake aibu yake. Na mbele yao kuna somo aliyeficha nyimbo mpaka zikampotea yeye mwenyewe. Mlango uko wazi, viatu viko kizingitini, mwari anaita.

Je, nani alistahili kuinuka?