Chungu cha Nakijwa

Mfinyanzi hulia gaeni. Mnacheka, wajukuu zangu, mnadhani methali hii inamsifu mfinyanzi kwa kutopenda makuu. Wengi hudhani hivyo, nami huudhika kila nikiwasikia. Sikilizeni ilikotoka.

Katika kijiji kimoja cha milimani, Bibi Nakijwa ndiye aliyefinyanga vyungu vya karibu kila jiko. Lakini tangu mumewe afariki, yeye mwenyewe aliacha kupika. Jioni alichukua gae la chungu kilichopasuka, akatia viazi vya jana alivyopewa na jirani, akala vikiwa baridi, akalala. "Mtu mmoja ampikie nani?" alisema. Akakonda. Siku moja miguu ilimwishia nguvu akipandisha udongo kutoka bondeni, ikabidi abebwe yeye na udongo wake.

Namkunda, mfinyanzi mwenzake, hakumhubiria. Alimwambia tu, "Nataka chungu cha bibi mmoja mjane. Amechosha mikono yake kwa ajili ya watu. Kiwe kizuri kuliko vyote."

"Maskini," akasema Nakijwa. "Hana wa kumtazama?"

"Anao. Yeye ndiye hataki kutazamwa."

Nakijwa alikifinyanga polepole, akakisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa.

Sasa, wafinyanzi wa pale walikuwa na desturi yao. Chungu kilichoagizwa, kikitolewa motoni, hutajwa jina la mwenyewe mbele ya wote. Kikishatajwa hakiuzwi wala hakigawiwi, na mwenyewe lazima akipikie siku hiyo hiyo, na wote waliochanja kuni za kukichomea wapate kula. Siku ya kuchoma vyungu, Namkunda alikiopoa kwa mti mrefu, akapaza sauti, "Chungu cha Nakijwa."

Bibi alikitazama chungu, akamgeukia mwenzake. "Namkunda, umenitega."

"Nimekutega, mwenzangu. Kijiji kizima kinapikia vyungu vyako, mfinyanzi mwenyewe hulia gaeni. Aibu hiyo ni yetu sote. Pika, tuna njaa."

Desturi haivunjwi. Alipika maharage na ndizi, akala yakiwa moto huku wanawake wakimpigia vigelegele, kisha akajipakulia tena. Tangu hapo jiko lake halikupoa. Masika yaliyofuata alipandisha udongo mwenyewe, akiwatania wasichana waliobaki nyuma.

Na lile gae? Alilitwanga, akalichanganya na udongo wa chungu kipya.

Basi mkimwona bibi yenu amewapakulia nyote, naye anakwangua ukoko, msimsifu. Mwondoleeni ukoko, mpakulieni kilicho moto, halafu mwambieni: mfinyanzi hulia gaeni.