Kipaza Sauti Matangani

Mwita mkutano huanzia jamvini. Nimewaona mlivyocheka mwenyekiti wa mtaa alipowajibu hivyo, nyinyi na fulana zenu mpya za umoja wa wanafunzi. Mlidhani mzee wa watu anataka kuwapotezea muda. Kaeni basi, maana mmeuliza wenyewe. Methali hii haikutoka kwa mababu wa kale. Imezaliwa hapa hapa Kwamsoso, na aliyeizalisha ni kijana wa chuo kama nyinyi, mwenye mdomo kama nyinyi.

Jina lake Lusajo, mtoto wa Tukuyu, katibu wa umoja wa wanafunzi. Alikuwa na moyo mzuri, hilo nalisema mapema msije mkamwonea. Mwaka ule chuo kilitaka kuzungushia uzio eneo lake lote, na uzio huo ungeikata njia ya miguu ambayo watu wetu walipita tangu chuo hakijawa chuo. Njia hiyo ndiyo ya zahanati. Ukiikosa, wazunguka barabara kuu mpaka darajani, na mgonjwa wako mgongoni.

Lusajo aliiona hatari hiyo kabla ya wengi. Alipanda na kushuka ngazi za ofisi hata mkuu wa chuo, Daktari Rwechungura, akachoka naye.

"Kila siku wananchi, wananchi," alimwambia siku ya Jumatano. "Mimi sijamwona hata mmoja. Jumamosi saa nne nitawasubiri uwanjani, waje waseme wenyewe. Wasipokuja, Jumatatu mafundi wanasimamisha nguzo, na wewe usikanyage tena hapa."

Alhamisi alasiri Lusajo akashuka Kwamsoso kwa barabara kuu na makamu wake, Hidaya, na kipaza sauti cha umoja. Vibarazani hapakuwa na mtu. Walipofika kwa Mzee Shemhilu wakakuta uwanja umejaa, wanaume wamekaa kwenye majamvi, wanawake wako ndani, masufuria yako motoni. Hidaya akamvuta shati.

"Lusajo, huu ni msiba."

"Naona. Lakini tutawapata wapi tena wote pamoja?"

Ndipo akatenda jambo ambalo hata mlevi wa mtaa wetu asingelitenda. Hakuvua viatu, hakutoa pole, akawasha kipaza sauti. Akazungumza juu ya uzio, haki, mshikamano, Jumamosi saa nne kamili. Hakuna aliyemkatiza. Walimtazama tu mpaka maneno yakamwishia.

"Umemaliza, mwanangu?" akauliza Mzee Shemhilu.

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Nenda salama."

Afadhali wangemtukana. Njiani Mama Sikudhani, aliyekuwa akiwapikia wanafunzi chakula pale getini mwa chuo, akawafuata kakaza khanga kiunoni.

"We Lusajo! Wali wangu unakula kila siku, adabu umeiacha wapi? Mke wa mtu tumemzika mchana huu, wewe unatuletea ajenda? Jumamosi hutamwona huko kwenu hata kuku wetu!"

"Nifanye nini, mama?"

"Waniuliza mimi? Kwenu watu wakifiwa mnafanya nini? Si mnakaa?"

Hidaya alitaka warudi wakaandike mabango. Lusajo akampa kipaza sauti aende nacho, yeye akarudi msibani. Akavua viatu, akatoa pole kwa mmoja mmoja, akakaa ukingoni mwa jamvi. Walimwitikia kwa shida. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini hakuondoka.

Ijumaa aliteka maji, akapasua kuni, akarudi kukaa. Mnaijua desturi yetu: mgeni akifika, mfiwa humweleza ugonjwa ulivyoanza mpaka ulivyokwisha. Basi alasiri akaingia shemeji mtu kutoka Handeni, na Mzee Shemhilu akaanza kumweleza.

"Pumu ilimbana asubuhi. Tukamlaza kitandani, tukabeba kitanda mabegani, tukashika njia ya zahanati. Kufika pale mpakani, tukakuta seng'enge. Wameshaifunga, eti wanawaandalia mafundi. Mlinzi akasema ana amri. Tukarudi nyuma, tukazunguka. Pale darajani akaniambia, 'Mume wangu, nishusheni nipumzike.' Tukamshusha. Ikawa ndiyo basi."

Uzio aliowapigia kelele kama jambo la Jumatatu ulikuwa umekwisha kuua, na aliyekufa alikuwa mtu wao. Yeye ndiye aliyesimama na viatu mbele ya mzee huyu, akimfundisha ubaya wa uzio! Machozi yakamtoka.

Jioni Hidaya akaja kumtafuta. Alipoambiwa habari ya seng'enge, akashika kichwa.

"Basi tumeshinda! Tulitangaze hili sasa hivi. Daktari atajibu nini?"

"Hapana."

"Kesho saa nne, Lusajo! Tangu jana umewaambia nini hawa watu?"

"Sijawaambia kitu."

"Nguzo zitasimama!"

"Zitasimama. Lakini kifo hiki si changu kukitangaza."

Msidhani alikuwa ametulia. Kila adhana ilimkumbusha kuwa saa haimsubiri mtu.

Jumamosi ikasomwa hitima. Saa nne ikakaribia, chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa. Lusajo alikuwa akiwanawisha watu, macho yakimkimbilia upande wa chuo mpaka maji yakamwagikia jamvi. Mzee Shemhilu akamshika mkono.

"Mwanangu, si una mkutano leo?"

"Nilikuwa nao, babu. Lakini tanga halijaanuliwa."

"Na huna la kuniomba?"

Lusajo akainamisha kichwa. "Nakuomba radhi, babu. Kwa siku ile."

Mzee akainuka.

"Tuleni haraka. Tanga tumeanua. Likunjeni hili jamvi, tunatoka nalo."

Wakatoka mtaa mzima, mpaka kwenye ile seng'enge, na jamvi likatandikwa juu ya njia, upande wetu. Wakakaa. Hidaya akakimbia kumwita Daktari, aliyekuwa ameshachoka kusubiri uwanjani na kugeuka kurudi ofisini. Daktari akaja kwa hasira, akakuta watu wote wale wamenyamaza, na waya kati yake na wao.

"Semeni basi," akasema. "Nawasikiliza."

"Karibu jamvini," akajibu Mzee Shemhilu. "Tumefiwa. Habari za msiba hazipewi mtu aliyesimama."

Daktari akautazama waya. Akamtazama mlinzi, na mlinzi akatazama chini. Mwishowe akasema, "Kata."

Seng'enge ikakatwa. Daktari akapita, akavua viatu, akatoa pole, akakaa. Na Mzee Shemhilu akamweleza, kama alivyomweleza shemeji yake, kuanzia ile pumu ya asubuhi mpaka pale darajani. Daktari hakuinua uso mpaka mwisho.

Waya ule haukufungwa tena. Uzio ulijengwa, ndiyo, lakini pale pengo likaachwa, wala halina geti mpaka leo. Nyinyi mmepita hapo kuja huku.

Mzee alipomaliza kueleza siku ile, alimgeukia Lusajo aliyekaa ukingoni.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Sasa ita mkutano wako."

Mwita mkutano huanzia jamvini.