Namba ya Nkwabi

Sogeeni karibu, wenye miguu ya mbio na wenye miguu ya kukalia mkeka, maana hadithi hii haimalizwi na mtu mmoja. Mimi nitaibeba hadi mlangoni, kuiingiza ndani ni kazi yenu. Na asiniambie mtu kwamba hajui mambo ya baiskeli. Kama umewahi kusaidiwa na watu watatu kwa siku moja, unajua ya kutosha.

Kule Shinyanga palikuwa na timu ya mbio za baiskeli, na ndani yake vijana watatu. Masele alikuwa na kifua. Kifua hasa, cha kuziba mlango. Akitangulia barabarani, anayemfuata huupata upepo ukiwa umeshavunjika, akapumzika huku anaendelea kukanyaga pedali.

Jidayi alikuwa na wepesi. Mlima ambao wenzake waliupanda wakitukana, yeye aliupanda akipiga mluzi, na kwa hilo walimchukia kila Jumamosi ya mazoezi.

Bundala alikuwa na moyo wa kuhudumia. Ndiye aliyerudi nyuma kwenye gari la timu, akajaza chupa na vyakula mifukoni na kifuani mpaka akafanana na mchuuzi wa vyombo, kisha akawafukuzia wenzake kuwagawia.

Nahodha wao alikuwa Nkwabi, mtu wa miaka thelathini na minane mwenye magoti ya miaka sitini. Kipaji chake kilikuwa kumalizia: mpeleke salama hadi mita mia mbili za mwisho, usimwonee huruma tena, mwonee aliye pembeni yake. Ujanani alichukuliwa na timu ya Ulaya, akaishi kwa baiskeli miaka tisa, akarudi nyumbani akaushika tena unahodha. Sasa alikuwa anastaafu, na zilibaki mbio moja tu, za Igunga hadi Singida.

Timu hiyo ina desturi yake. Nahodha anapomaliza mbio zake za mwisho, hubandua kitambaa cha namba mgongoni na kukifunga kwenye usukani wa baiskeli ya mmoja wa wenzake. Haelezi, haulizwi. Aliyefungiwa ndiye nahodha mpya. Na mwaka huo uzito uliongezeka, kwa sababu ile timu ya Ulaya ilimwandikia Kocha Minza kwamba ina nafasi moja, na itamchukua yule ambaye Nkwabi atamfungia namba.

Nkwabi aliijua desturi hii kwa uchungu. Miaka kumi na sita iliyopita namba ilifungwa kwenye usukani wake yeye. Rafiki yake Lusato, aliyesimama pembeni na baiskeli yake, aliinama haraka akajifanya anafunga kamba za viatu. Lusato hakushindana tena. Siku hizi anabeba mkaa kwa baiskeli, na wakipishana barabarani husalimiana kwa kengele tu. Kengele ile ilimuuma Nkwabi kuliko kuanguka kokote alikowahi kuanguka.

Haya, mbio zikaanza. Walipoingia mbuga ya Wembere walikutana na upepo uso kwa uso, ule wa kumrudisha mtu alikotoka. Masele akapita mbele.

"Kaa nyuma yangu, kaka. Usichungulie."

"Tupokezane kidogo," Nkwabi alisema.

"Tunza miguu. Huu upepo ni wangu."

Akaukata upepo huo mbuga nzima, jasho likamkauka usoni likawa chumvi. Walipofika chini ya mlima Sekenke miguu yake ikagoma kabisa, akajitoa pembeni, na mbio zake zikaishia hapo. Lakini Nkwabi alijua jambo moja: Masele hakuwa mtu wa milima. Hata angejitunza vipi, Sekenke ingemshinda.

Wakaanza kupanda. Katikati ya mlima, kwenye kona kali, gurudumu la mbele la Nkwabi likapasuka. Gari la timu lilikuwa limekwama nyuma ya malori. Jidayi alikuwa mbele hatua chache, na asubuhi ile kocha alikuwa amemwambia waziwazi, "Leo ukijisikia vizuri, nenda zako, usimsubiri mtu." Na alikuwa anajisikia vizuri. Mluzi wake ulisikika.

Mluzi ukakatika. "Pancha?"

"Pancha."

Jidayi alitazama juu ya mlima. Akatazama tena. Kisha akashuka, akachomoa gurudumu lake la mbele.

"Chukua, kaka, kabla sijabadili mawazo."

Akabaki pale kando ya barabara na baiskeli yenye gurudumu moja, akiwatazama wapinzani wakimpita mmoja mmoja. Mtu anaweza kusema alisita. Mimi nasema anayetazama mara mbili ndiye anajua vizuri anachokiacha. Nkwabi alifikiri yote mawili.

Juu ya mlima Nkwabi akawafikia waliotangulia, na hapo akagundua kosa ambalo hufanywa na waendesha baiskeli peke yao: alikuwa amekaa saa nzima akihesabu wapinzani, asihesabu tonge. Njaa ilimshika ghafla. Barabara ikaanza kuyumba, akasahau hata anakwenda mji gani.

Bundala akatokea nyuma, anahema, amepanda mlima wote peke yake.

"Kula," akamwambia, akampa ndizi mbili na chupa ya maji.

"Na wewe?"

"Nimeshakula."

Alikuwa anadanganya. Walimkuta baadaye amelala kando ya barabara, macho yamegeuka, akakimbizwa hospitali kuwekewa dripu. Ila na yeye alikuwa na lake. Fungu la chakula cha nahodha alipaswa kulifikisha kabla ya mlima, lakini kule Wembere alimkuta mshindani wa timu nyingine ameanguka, midomo imekauka, akasimama na kumpa lote. Zile ndizi mbili zilikuwa chakula chake mwenyewe.

Singida mjini, Nkwabi alimshinda mpinzani wa mwisho kwa nusu ya gurudumu. Watu wakambeba juujuu, na yeye akalia bila kuficha, maana alijua kazi ngumu ya siku hiyo haikuwa imefika bado.

Baada ya vikombe na picha, baiskeli tatu ziliegemezwa kwenye ukuta wa uwanja. Masele alisimama kwenye yake, amejikunja kwa maumivu ya miguu. Jidayi alisimama kwenye yake, ambayo bado ilikosa gurudumu. Bundala alikuwa ametoka hospitali, ana plasta mkononi palipoingia sindano.

"Namba, Nkwabi," Kocha Minza alisema kwa upole. "Wageni wa Ulaya wanasubiri."

"Siwezi kukikata kitambaa vipande vitatu, mama?"

"Kata. Halafu watachukua kijana wa timu nyingine, na hawa wangu wabaki wote."

Nkwabi akabandua kitambaa. Bila kifua asingeuona mlima. Bila gurudumu asingeumaliza. Bila ndizi angekuwa amelala mtaroni. Mmoja alitoa nguvu zake zote, lakini mbio hizo asingezishinda hata hivyo. Mmoja alitoa ushindi wake, lakini alitazama mara mbili. Mmoja nusura atoe uhai wake, lakini ilikuwa kuziba pengo alilolisababisha mwenyewe. Aliwapenda wote watatu, na hilo halikumsaidia chochote.

Akapiga hatua kuelekea ukutani. Na Masele, na Jidayi, na Bundala, bila kuambizana, wakainama wote kwa pamoja wakaanza kufunga kamba za viatu, ili asije akauona uso wa yeyote.

Nkwabi amesimama hapo, kitambaa mkononi, mbele ya migongo mitatu. Nami mlango ndio huu, nimefika. Je, wewe mwenzangu, ungekifunga kwenye usukani wa nani? Na wale wawili wakiinuka, ungewaambia nini?