Wezi wa Matikiti ya Sultani

Palikuwa na sultani akiitwa Mwinyikambi, mtu wa kupenda matikiti kuliko wake zake, na wake zake walilijua hilo. Asubuhi moja alikwenda kutazama shamba lake, akakuta nyuki wamejaa kwenye maua. Akapiga ukelele: "Wananyonya utamu wangu!"

Nyuki wale walitoka msitu wa kijiji, msitu wa wote, ambao tangu zamani haukatwi. Sultani akaamuru ufyekwe mpaka kisiki cha mwisho.

Watu wakalia. Bi Mashavu, mjane mrina asali, mwenye ulimi mkali kuliko nyuki wake, hakulia. Alikwenda barazani.

"Bwana, msitu ule ndio asali yetu, uyoga wetu, dawa ya watoto wetu."

"Ni pango la wezi!"

"Kweli, wanaiba. Hata maua yetu hawayaachi."

"Unakiri?"

"Nakiri. Basi wazuie msimu mmoja tu. Tupande mbegu za aina moja, siku moja, wewe kwako, sisi kwetu. Ukitushinda kwa mavuno, shoka la kwanza nalipiga mimi."

"Na mkinishinda?"

"Msitu usiguswe, si na wewe, si na mwanao."

Sultani alicheka mpaka kilemba kikamponyoka. Akaapa mbele ya baraza zima. Akafunika shamba lake lote kwa kitambaa chepesi cha shashi, akaweka na askari arobaini. Hakupita nyuki. Hakupita hata nzi, maskini.

Siku ya kuvuna ikafika. Kwa wanakijiji matikiti yalijaa hata pa kukanyaga pakakosekana. Kwa Sultani shashi ikafunuliwa, na chini yake palikuwa na majani. Majani mazuri, ya kijani, lakini majani.

"Umeniroga, mwanamke!"

"Waulize askari wako kama niliingia."

Askari wakaapa: hakuingia kiumbe.

"Mbegu ni ile ile?"

"Ile ile, Bwana."

"Na udongo?"

"Wako ndio bora."

"Nina maji, nina samadi, nina askari arobaini! Ninyi mna nini ambacho mimi sina?"

"Wezi, Bwana."

Baraza zima likashikwa na kikohozi. Sultani akalitazama shamba lake, akalitazama la kijiji, mate yakamjaa kinywani, na uroho ukaishinda haya. Akamsogelea Bi Mashavu, akamnong'oneza:

"Na mimi nikitaka kuibiwa?"

"Waachie nyumba yao, Bwana. Watakuja wenyewe."