Mstari Ndani ya Chungu

Nisameheni mapema. Mfano huu nilipewa ukiwa umejaa, nikaumwaga njiani kwa kuchekacheka, nawafikishia uliosalia.

Mtu mmoja alikuwa na machela. Jina lake Lutengano, na kijiji chake kilining'inia mlimani. Zahanati ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto. Mgonjwa hakufika huko ila mabegani mwa watu. Basi wanakijiji wakamkabidhi Lutengano kazi ya kuwachagua wabebaji.

Mtihani wake ulikuwa mmoja. Aliweka chungu cha maji juu ya machela, vijana wakakishusha hadi mtoni na kukipandisha. Ndani ya chungu, karibu na shingo, alikwaruza mstari kwa msumari. Maji yakirudi chini ya mstari, umeanguka.

Walianguka wengi. Mama zao wakamjia juu: "We Lutengano, unatafuta wabebaji au unatafuta wakwe?" Watu wakacheka, naye akacheka, maana alipenda kupendwa. Akakwaruza mstari mwingine, chini kidogo. Mwaka uliofuata akakwaruza mwingine tena, tumboni kabisa mwa chungu. Sasa walifaulu wote. Mbuzi akachinjwa, na Lutengano akapewa kidari.

Masika yakaja na utelezi wake. Tumpe, mkewe, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Wabebaji wakaja mbio, vifua mbele. Tangu lini aliyefaulu akajitilia shaka? Lutengano akatangulia, akiomba kimoyomoyo. Kwenye mteremko machela ikainama, ikainuliwa. Mtoni ikainama tena, Tumpe akaangukia mawe.

Zahanati walimwokoa mama. Mtoto hakulia.

Lutengano akamkaba ukosi Ambakisye, kiongozi wa wabebaji. Kijana wa watu akashangaa kwelikweli.

"Baba, si tumemfikisha? Kilichomwagika si kingi. Mstari wako hatujaufikia."

Lutengano akamwachia. Akapanda mlima na fimbo mkononi, akitafuta wa kumchapa. Akapita kwa wale akina mama, akapita kwa walaji wa mbuzi, na kila mlango ulimfungukia kwa pole na machozi. Alipofika kwake akatia mkono mfukoni atoe ufunguo. Akatoa msumari.

Niambieni, jamani: mtu hujichapaje mgongo wake mwenyewe?