Maharagwe ya Bweni la Shengena

Hapo zamani, si zile za fisi kusemezana na sungura, ni hizi zamani zetu za kengele na sare, palikuwa na shule ya bweni ya wasichana katika milima ya Upare. Kaeni vizuri. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki kujibiwa kwa miayo.

Shule hiyo ilikuwa na bendera ya kijani. Kila Jumatatu matroni, Bi Namsifu, aliikabidhi kwa bweni lililoishi vizuri wiki nzima: safi, lisilo na ugomvi, lisilo na malalamiko. Kilikuwa kitambaa tu, tena kimechanika pembeni, lakini wasichana walikigombania kama shamba la urithi.

Sasa mwalimu wa hisabati, Mwalimu Mgonja, aliona wanafunzi wanasinzia darasani, wengine wanaacha chakula. Akasema, "Sitabahatisha. Nitawauliza wenyewe, na jina la mtu lisiwepo." Akaweka chungu katika kila bweni, kimefunikwa khanga, na kando yake sinia la mahindi na maharagwe, yale yale ya makande. "Kila mtu aingize mkono peke yake," akawaambia. "Moyo ukiwa mwepesi, dondosha hindi. Moyo ukiwa mzito, dondosha haragwe. Sitamtafuta mtu. Naapa."

Wakaingiza mkono, wakadondosha. Wakaingiza mkono, wakadondosha. Vyungu vikamwagwa: mahindi matupu! Mwalimu akafurahi kupita kiasi, akatangaza mstarini, "Shule hii ina raha tele!" Makofi yakapigwa.

Raha gani? Katika bweni la Shengena, kiranja wao Siwatu alikuwa amewanong'oneza wenzake, "Jamani, mahindi. Haragwe likionekana humu, bendera hatuioni." Na mabweni mengine nayo yalikuwa na viranja, na viranja nao wana midomo.

Humo Shengena alilala msichana aitwaye Nakunda, aliyefiwa na mama yake mwaka ule ule. Naye alidondosha hindi kama wenzake. Aliposikia lile tangazo la mstarini akajiambia, "Kumbe wote wazima. Mbovu ni mimi peke yangu." Basi akaanza kugawa vitu vyake. Akagawa viatu. Akagawa blanketi. Mwisho akampa Siwatu, aliyekuwa rafiki yake sana, kitenge cha marehemu mama yake. "Kaa nacho wewe," akasema. "Na usimwambie mtu."

Siwatu akaahidi, kisha akakaa na kitenge mapajani, akawaza. Mtu hagawi kitenge cha marehemu mama yake kama ana mpango wa kukivaa kesho.

Mwalimu Mgonja naye alikosa raha. Kila akiingia darasani, nyuso ni zile zile. "Shule nzima isiwe na hata mmoja mwenye huzuni?" akajiuliza. "Mbona hata harusini kuna anayelia!" Akavirudisha vyungu, na safari hii akamwomba matroni aifungie bendera kabatini.

Wakaingiza mkono, wakadondosha. Wakaingiza mkono, wakadondosha. Siwatu alipofika, akadondosha konzi nzima ya maharagwe.

Chungu cha Shengena kikamwagwa, na punje zikawa nyingi kuliko wasichana. Mwalimu akanuna. "Mtu amecheza hapa. Hesabu iliyoharibika si hesabu. Zipelekwe jikoni."

"Ngoja kwanza, Mwalimu," akasema Bi Namsifu. "Hebu toa yale yaliyozidi."

Akatoa. Maharagwe yakabaki mengi bado.

"Unaona? Na huyo aliyetia konzi, unadhani anatania? Huyo anapiga yowe."

"Lakini Mama, niliapa sitamtafuta mtu."

"Nami sitamtafuta mtu. Nakwenda kukaa tu."

Akachukua ungo, akaketi kwenye baraza la Shengena kila alasiri, anachambua maharagwe. Hakuuliza neno. Msichana akaja, akachambua, akasema yake. Mwingine akaja, akachambua, akasema yake. Akaja Nakunda. Akachambua kimya mpaka ungo ukawa safi, kisha akasema, "Mama, mimi nimechoka kuishi."

Bi Namsifu hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akamkumbatia. "Ahsante kwa kuniambia, mwanangu. Hutakaa peke yako." Siku ile ile akampeleka kwa mshauri wa zahanati, akamwita shangazi yake, na njia nzima hakumwachia mkono.

Mimi kila nikifika hapa napumua. Nakunda alipata nafuu polepole, kwa kulia na kusema na kulia tena. Akarudi kula. Akarudi kugombana kwa ajili ya zamu ya kufagia, na hapo bweni zima likashangilia. Siwatu akamrudishia kitenge chake. Bendera ikakatwa vipande, ikawa vitambaa vya kufutia ubao, na vyungu vikawa vya kila muhula.

Ndipo Nakunda akasuka mkeka, mmoja tu, mzuri mno. Akautandika pale barazani, akasema, "Ni wa aliyenirudisha."

Weee! Si mkeka tena, ni kesi.

Mwalimu Mgonja akasema, "Ni wangu. Mimi ndiye niliyeuliza, na nilipopewa jibu tamu, nikauliza tena."

Siwatu akasema, "Samahani, Mwalimu, lakini tangazo lako ndilo lililomfanya ajione yuko peke yake. Mkeka ni wangu. Sikuvunja ahadi, na bado nilipiga yowe."

Bi Namsifu akasema, "Kwa konzi, mwanangu, na mdomo unao? Siku ya kitenge ungekuja kwangu mbio! Na aliyesema mahindi ni nani? Ni wangu mimi. Yowe lilisikika, nani aliitika? Hesabu ilikuwa njiani kwenda jikoni!"

Mwalimu akasema, "Na bendera ilikuwa ya nani, Mama? Si ndiyo iliyowafundisha kuficha?"

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alikuwa na doa lake.

Nakunda akacheka, kicheko ambacho shule ilikuwa imekisahau. "Mmemsahau mmoja," akasema. "Mlimwuliza, mkampigia yowe, mkamkalia barazani. Lakini lile neno, nani alilitoa kifuani? Mnajua lilivyokuwa zito?" Akavua viatu, akaketi katikati ya mkeka wake, akawatazama.

Mimi nina jibu langu, na silisemi ng'o. Semeni nyinyi: aliyeuliza, aliyepiga yowe, aliyekwenda kukaa, au aliyefungua kinywa? Je, nani alistahili mkeka?