Nani Alimuua Mtoto wa Nyuki?

Hapo zamani, wadudu walipokuwa bado wanapigiana hodi na watu, alikuwepo nyuki mmoja asiye na mzinga wala malkia. Nyumba yake ilikuwa tete moja kavu kwenye ua wa Mbodze, mwanamke mkulima wa maboga. Alibeba chavua peke yake, akaikanda na asali peke yake, akataga yai juu yake, akaziba mlango kwa udongo. Kisha akaenda kutafuta maua mengine.

Huku nyuma akaja nyigu, kiuno chembamba, mkia kama sindano. Akalitoboa lile tete, akataga yai lake ubavuni mwa yai la mwenzake, akaruka zake. Mbodze alikuwa papo hapo anapukuchua kunde. Alimwona. Akaendelea kupukuchua.

Siku zikapita. Nyuki akarudi kumlaki mwanawe. Mlango ukabomoka, akatoka nyigu kijana, ameshiba.

"Mwanangu yuko wapi?" nyuki aliuliza.

"Nilimkuta kando ya kitanda changu," alijibu kijana. "Nilizaliwa gizani na njaa. Sikujua kama ana mama."

Nyuki akamwendea mbio mama wa yule nyigu kijana. "Huna haya wewe! Nijenge mimi, nipike mimi, mle nyinyi?"

"Haya ninayo, dada. Lakini wanangu hawali chavua, wanakula nyama. Ulitaka niwaache wafe? Na wewe uliyefunga mlango ukaondoka, mtoto ulimwachia nani?"

Neno hilo lilimchoma nyuki. Akiwa na hasira vile vile, akamgeukia Mbodze.

"Na wewe, mama! Maua ya maboga yako nani anayahudumia mpaka yazae? Unashinda hapa uani; ulimwona mwizi mlangoni kwangu, ukanyamaza!"

Mbodze akaweka ungo chini. "Niliogopa kuumwa. Tena nikasema, mambo ya wadudu hayanihusu."

"Hayakuhusu! Maboga je, unapoyala, yanakuhusu?"

Nyuki akahama siku ile ile, asigeuke nyuma. Msimu ule maua ya Mbodze yalichanua yakanyauka, yasizae hata boga moja. Nyigu naye alihangaika na mayai yake kutoka tete hadi tete, akayakuta matete yote matupu.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msitazame chini. Yule mama nyuki mpaka leo anadai haki yake na hajapewa. Aliyetoboa akataga, aliyekula, aliyeondoka, au aliyeona akanyamaza: je, nani alimuua mtoto wa nyuki?